Mkaguzi Aliyepoteza Harufu ya Kahawa

Siku yangu ya kwanza kazini Mbinga, Mganga Mkuu wa Wilaya alinipokea kwa kichwa cha mbuzi. Kilikuwa kwenye sinia la bati, kimepasuliwa kwa msumeno wa bucha, na ubongo ukiwa wazi. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu cha utabibu, nimevaa koti jeupe lililonyooshwa kwa pasi ya mkaa, nikitegemea kuonyeshwa wodi na kupewa kiti. Yeye akanipa kijiti.

"Binti, vyeti nimeviona vingi," akasema. "Hebu nionyeshe unachojua."

Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya chini, asiyemwamini mtu mpaka amwone akifanya. Nikashika kijiti, nikaanza. Sehemu kubwa yenye mikunjo mingi ni ubongo mkubwa, nao una nusu mbili, ya kulia na ya kushoto. Kile kifundo kidogo cha nyuma, chenye mistari myembamba, ni ubongo mdogo. Kile kinachoshuka kama shina la uyoga na kuungana na uti wa mgongo ni shina la ubongo.

"Majina nimesikia. Kazi?"

Nikamweleza kama ninavyowaeleza ninyi vijana sasa. Shina la ubongo ndilo linaloendesha pumzi na mapigo ya moyo hata ukiwa usingizini. Likiumia vibaya, mtu hufa. Ubongo mdogo hupima mwendo na mizani ya mwili: ndio unaokuwezesha kupita juu ya tuta la ngoro, yale mashimo ya kilimo tunayochimba milimani kwetu, ukiwa na mzigo kichwani bila kutumbukia. Ubongo mkubwa, kila nusu, una mapande manne. Pande la kisogoni ndilo linaloona, ingawa macho yako mbele. Pande la kando, karibu na sikio, husikia na kusaidia kutunza kumbukumbu. Pande la juu hupokea habari za ngozi: baridi, moto, mguso. Na pande la mbele, nyuma ya paji la uso, hupanga mambo, huamua, na hutuzuia kusema kila kinachotujia mdomoni.

"Na hivi?" Akagusa vinundu viwili vilivyochomoza mbele kabisa, upande wa chini.

Nikamrudishia kijiti.

"Vinundu vya harufu. Mbuzi hunusa kuliko anavyofikiri, ndiyo maana vyake ni vikubwa hivi. Vyetu ni vidogo, vimelala chini ya pande la mbele, juu ya mfupa wenye vitundu kama chekecheo. Nyuzi za neva hupita kwenye vile vitundu kushuka puani. Ni nyembamba sana. Usizisahau kwa sababu ni ndogo."

Mama wa usafi alikuwa amepita mlangoni akaona sinia. Kufikia mchana, sokoni walikuwa wakisema kwamba tabibu mpya anakamua bongo za maiti. Mwanamke mmoja aliponiona nakuja kwenye foleni ya wagonjwa alimvuta mwanawe akaondoka naye. Nilikwenda kulalamika, Mganga Mkuu akacheka kidogo.

"Watakuzoea. Lakini shika hili. Mgonjwa akikuambia jambo, msikilize. Ndugu zake wakikuambia jambo, wasikilize, halafu shuku. Na kabla hujamshuku mtu yeyote kwa tabia yake, shuku kwanza fuvu lake."

Sikuelewa maana yake mpaka nilipopangiwa zahanati ya ufukweni mwa ziwa, huko Mbaha. Siku moja aliletwa bibi mzee ambaye hasemi. Mkwewe, mke wa mwanawe, alimleta kwa hasira.

"Tabibu, huyu anatufanyia kusudi. Nyumbani ukimwamkia Shikamoo hajibu. Ukimuuliza kama ameshiba, hajibu. Jumapili kanisani anaimba wimbo mzima, maneno yote! Ni chuki tu, hanitaki."

Bibi alikuwa akinitazama, machozi yamemjaa. Nikamwomba anyanyue mikono yote miwili. Wa kushoto ulipanda. Wa kulia ulining'inia. Hapo nikakumbuka kijiti na sinia. Nusu ya kushoto ya ubongo huendesha upande wa kulia wa mwili, na kwa watu wengi ndiyo yenye mtambo wa kutengeneza maneno. Wimbo, hasa ule mtu aliouimba tangu utoto, huegemea zaidi nusu ya kulia. Mshipa wa damu ukiziba upande wa kushoto, mtu anaweza kushindwa kusema "maji" lakini akaimba beti zote. Nilimwambia yule mkwe: "Mama hakuchukii. Akitaka kitu, mwanzishie wimbo, umfundishe kukiomba ndani ya wimbo." Alinitazama kama mtu aliyeuziwa samaki waliolala. Baada ya wiki kadhaa alirudi, safari hii amemshika bibi mkono, na bibi akaniimbia jina langu kwa sauti ya kanisani.

Nikiwa na uzoefu huo nilihamishiwa milimani, kwenye kituo cha afya kilicho karibu na Mapera. Ilikuwa miaka ya soko huria. Zamani mkulima aliuza kahawa kwenye chama chake cha msingi cha ushirika, basi. Sasa wanunuzi binafsi walipita vijijini na magari, wakinunua hadi mlangoni. Maduka ya dawa nayo yakachipua, kila mwenye rafu akawa anauza vidonge. Kila mtu alimshuku mwenzake. Mkulima akionekana akisalimiana na mnunuzi, chamani walinong'ona. Mnunuzi akisifu kahawa ya fulani, jirani zake waliuliza amempa nini.

Kwenye chama cha kijiji chetu kulikuwa na mkaguzi wa kahawa aliyeitwa Osmundi. Mkaguzi ndiye aliyesimama mlangoni pa ghala. Wakulima walileta kahawa waliyokwisha kumenya, kuivundika, kuiosha na kuikausha, ikiwa bado na ganda lake jembamba. Yeye alichota kwa kiganja, akaisugua, akauma punje moja kujua ukavu, kisha akapeleka kiganja puani. Kahawa iliyovundikwa kupita kiasi huchacha, na harufu yake ni ya siki na kitunguu kilichooza. Gunia moja likiingia ghalani huharibu ya wote. Osmundi aliaminiwa kama mizani. Tena alikuwa mkimya. Watani wake walisema huongea Krismasi na Pasaka, na Pasaka kwa kifupi.

Msimu ule, kahawa ya chama ilikataliwa mnadani. Ilikuwa imechanganyika na iliyochacha, magunia kwa magunia, na yote yalikuwa yamepita mkononi mwa Osmundi. Maneno yakaenea upesi: mkaguzi amenunuliwa na wanunuzi binafsi, apitishe uchafu ili chama kife na wao wabaki peke yao. Kamati ikaitisha kikao. Ikithibitika, angevuliwa kazi, angefukuzwa uanachama, na jina lake lingesomwa mbele ya wakulima wote. Kwetu milimani mtu akisomwa hivyo, wanawe hawapati hata wa kuwasaidia kuvuna.

Mkewe, Mama Klara, alimleta kwangu kabla ya kikao. Yeye alikuwa na shaka zake nyingine.

"Tabibu, huyu si mume wangu," aliniambia. "Mume wangu hakuwa na maneno. Huyu anacheka msibani. Anatukana kuku. Juzi amekula dagaa wa ziwani, usipa waliooza, watoto wamekimbia nje, yeye anaramba vidole. Nafikiri kuna mwanamke amemwekea kitu."

Osmundi akaingilia. "Na wewe Tabibu umenenepa, kama gunia la daraja la kwanza!"

Mama Klara akafunika uso. Mimi nami, sitaficha, nilimshuku pombe kwanza, halafu vidonge vya dukani, kwa sababu mfuko wake wa shati ulikuwa umejaa vya rangi mbalimbali. Nikamuuliza ni vya nini.

"Vya kichwa. Kinauma tangu..." Akaivuta kofia yake chini.

Nikamwomba avue kofia. Hakutaka. Nikamwomba tena taratibu, akaivua. Kisogoni palikuwa na kovu refu, bado jekundu. Nikamwomba Mama Klara atoke nje kidogo.

"Osmundi, hili ni la lini?"

"Nilitereza shambani."

"Shambani kwenye udongo laini, kovu hili?"

Akatazama mlango. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, na akaniapisha nisimwambie mtu. Kabla ya msimu kuanza alikuwa Mbinga, mvua ikamkuta, basi likaharibika. Gari la mnunuzi mmoja likampa lifti, akakaa juu ya magunia. Kwenye kona alirushwa akaangukia kisogo barabarani. Alizimia kidogo. Mkaguzi wa chama kupanda gari la mnunuzi! Aliona ni heri afe na kichwa chake kuliko lijulikane.

Siku ya pili nilipanda gari kwenda Mbinga kwa Mganga Mkuu. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi, macho ni yaleyale. Nilimweleza yote kuhusu mgonjwa wangu, ila jina nikalibana.

"Kaangukia kisogo, lakini kilichoharibika ni cha mbele," nikasema. "Ndicho kinachonitatiza."

"Ubongo haukugongomelewa misumari humo ndani. Umeelea kwenye maji, kama abiria juu ya magunia. Kichwa kikisimama ghafla, abiria anarushwa huku na huku. Pande la mbele limekwaruzwa na mifupa, ndiyo maana hana breki ya mdomo. Na zile nyuzi kwenye chekecheo?"

"Zimekatika," nikasema. Kumbe siku yote ya kwanza ilikuwa inanisubiri hapo.

"Huenda. Au huenda ni mwongo hodari aliyegundua kwamba pua mbovu itamwokoa. Mpime." Akafungua kabati la maabara akanipa kichupa cha amonia, ile dawa yenye mvuke mkali unaochoma. "Mnusishe vitu vya kawaida kwanza, kila tundu la pua peke yake. Mwisho, hiki. Amonia hainuswi tu, inachoma. Uchungu wa puani hupita kwenye neva nyingine kabisa, ile ya mguso wa uso, inayoingia kwenye shina la ubongo. Asiyenusa kweli atashtuka. Mwongo, akidhani hiki nacho ni cha kunusa, atajikaza na kusema hasikii kitu."

Kikao kilifanyika ghalani, Jumapili baada ya misa. Mwenyekiti wa chama alikaa juu ya gunia, wajumbe wa kamati wamemzunguka, wakulima wamejaa mlangoni. Niliomba ruhusa ya kumpima mgonjwa wangu hadharani, naye Osmundi alikwisha kukubali. Mwenyekiti alinitazama kwa jicho la pembeni.

"Tabibu, isije ikawa na wewe wamekupitia."

"Mwenyekiti, nipime na mimi ukitaka. Pua yangu hii hapa."

Wakacheka kidogo. Mama Klara akamfunga mumewe macho kwa kanga yake. Nikaziba tundu moja la pua, nikamwekea kahawa iliyokaangwa kwenye la pili.

"Unasikia harufu gani?"

"Ya mkono wako. Lakini nabahatisha tu."

Nikaweka sabuni. Hakuna. Ugoro wa mzee mmoja mjumbe. Hakuna. Usipa wakavu, wale ambao ukiwafungua watu wa mlangoni wanageuza nyuso. Hakuna. Mwenyekiti akasonya. "Hata mimi naweza kusema hakuna, hakuna, hakuna."

Ndipo nikafungua kichupa cha amonia. Osmundi aliruka nyuma kama aliyeumwa na nyuki, kanga ikalowa machozi, akakohoa.

Ghala zima likalipuka. "Amenusa! Amenusa huyo!" "Mwongo!" Mjumbe mmoja akapiga makofi. Mwenyekiti akasimama. "Tabibu, ahsante. Umemkamata mwenyewe."

Mama Klara alinitazama kama kwamba nimemchoma kisu.

Nilisubiri kelele zipungue. Nikamuuliza Osmundi: "Hiki kinanuka kama nini?"

"Kinuke wapi! Kinachoma! Lete nikuwekee na wewe uone!"

"Wazee wangu," nikasema, "pilipili ikiungua jikoni, macho hutoa machozi, sivyo?"

"Ndiyo," wakajibu.

"Je, jicho linanusa?"

Yule mzee wa ugoro akasema polepole, kama anayejiambia mwenyewe, "Jicho halinusi."

"Basi puani ni vivyo hivyo. Kuna njia mbili. Moja hupeleka harufu, nayo hupanda moja kwa moja hadi chini ya paji la uso. Nyingine hupeleka maumivu, nayo huzunguka hadi kwenye shina la ubongo, huku nyuma. Ya kwanza imekatika kwa Osmundi. Ya pili ni nzima. Angekuwa anaigiza, angejikaza hapa kama ambavyo angejikaza kwa usipa, aseme hakuna. Hakujua kwamba huu ndio mtego."

Mwenyekiti alikaa tena. Hakuwa mjinga, na hakuwa mwepesi. "Haya. Imekatikaje? Mtu alale na pua aamke bila pua?"

Siri ile ilikuwa ya mgonjwa, si yangu. Nikasema tu kwamba aliumia kichwa. "Wapi?" akauliza Mwenyekiti. Nikakifunga kichupa. Macho yote yakamgeukia Osmundi, aliyekuwa akijifungua kanga. Osmundi wa zamani angekufa nayo. Lakini huyu, ambaye breki yake ilikwaruzwa nyuma ya paji la uso, hakuweza.

"Kwenye gari la mnunuzi!" akapaza sauti. "Nilipanda, mvua ilikuwa inanyesha, nilipandaje kwa miguu mlima wote ule? Nikaanguka kama gunia. Mnataka nini kingine? Na gari lenyewe lilikuwa bovu!"

Kelele ziliporudi zilikuwa mbaya kuliko za kwanza. Mwenyekiti akanyanyua mkono. Akaagiza yaletwe makonzi mawili ya kahawa, moja kutoka magunia yaliyokataliwa, jingine kutoka gunia la mkulima yeyote lililoletwa asubuhi ile. "Mfungeni tena macho. Akague."

Osmundi akachota la kwanza. Lilikuwa limechacha, wajumbe walikuwa wameshaziba pua. Akalisugua, akauma punje, uso ukamtulia, ule uso wake wa miaka yote. "Kavu. Safi. Pokea."

Akachota la pili. Akauma. Akatema. "Hii bado mbichi. Mwenyewe mvivu, ameianua mapema akalale. Airudishe nyumbani."

Mtu wa ghalani akainama kusoma alama ya gunia, akakohoa. "Ni ya Mwenyekiti."

Yule mzee wa ugoro akaanza kucheka bila sauti, mabega yakimtingishika, na ghala lote likamfuata. Mwenyekiti mwenyewe aliichukua punje akaiuma. Akaitazama.

"Ni kweli bado mbichi," akasema. Halafu akawageukia wajumbe. "Mtu aliyenunuliwa hawezi kutangaza gari la aliyemnunua mbele yetu. Na mkono huu haujanunuliwa. Ni pua iliyopotea."

Hawakumfukuza. Walimwachia ukaguzi wa mkono na jino, na wa pua akapewa mtu wa nyumba yake. Tangu msimu uliofuata Mama Klara alisimama mlangoni pa ghala kando yake. Osmundi alisugua na kuuma, mama akanusa. Mama alikuwa mkali kuliko yeye. Wakulima walisema afadhali Osmundi na pua yake, kuliko Osmundi na pua ya mkewe. Maneno ya ovyo yalimpungua kadiri miaka ilivyokwenda, maana pande la mbele hujirekebisha kidogo kidogo. Nyuzi za harufu hazikurudi. Na siwezi kuwaambia kwamba kijiji kizima kiliamini. Mpaka leo kuna anayemwona akipeleka kiganja puani kwa mazoea, akamgusa mwenzake kwa kiwiko: "Mwone. Ananusa yule."

Nimestaafu sasa. Nina miche yangu ya kahawa nyuma ya nyumba, na vijana matabibu wapya huja kuniamkia na kuniuliza mambo. Wana mashine Songea na kwingineko zinazopiga picha ndani ya fuvu, nami nafurahi. Lakini huwaambia hivi: wanangu, hamtakosa kusikia kwamba fulani amebadilika, amekuwa mlevi, ana kiburi, anajifanya. Kabla hamjakubali, mvueni kofia. Papaseni kisogo. Mwambieni anyanyue mikono, atembee juu ya tuta, anuse sabuni. Mtajua mengi, wala hamhitaji zaidi ya mikono yenu kuanza.

Osmundi huja kunitembelea msimu wa mavuno, akiegemea fimbo. Mama Klara alitangulia mbele ya haki mwaka juzi, kwa hiyo sasa huja peke yake. Huleta kahawa yake mpya. Naikaanga, naitwanga, naichemsha, na yeye hukishika kikombe kwa mikono miwili, mvuke ukimpanda usoni.

"Haya, Tabibu. Inanukiaje?"

Namweleza: kama mkate ukitolewa tanuruni, na kwa mbali kama ganda la chungwa. Hunikazia macho, kama tulivyomkazia yeye siku ile ghalani, anipime kama namdanganya. Kisha hunywa.